Bolti ya Sepuka na Jicho la Mjomba Wako

Sepuka, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Athumani,

Nimekaa kwenye gogo hapa nje na kutoka hapa nakuona ukihangaika na kamba ya sanduku. Umenitazama mara mbili, na nadhani unajiuliza baba anaandika nini na jua linakaribia kuzama. Nakuandikia wewe. Ningeweza kukuita ukae karibu nami nikakuambia kwa mdomo, lakini najijua. Tungeishia kuzungumza habari za basi la Manyoni na treni, kisha ningekohoa nikanyamaza, na kesho ungeondoka bila kusikia neno. Kwenye karatasi naweza kusimama, nikapumua, nikaendelea.

Habari za kuficha fedha, kuchemsha maji na kuwaamkia wakubwa wa huko Dar es Salaam sitaziandika. Mama yako amezisema tangu juzi, na sasa hivi namsikia anaziimba tena jikoni huku ananyonyoa kuku. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni refu.

Barua ya karakana inayokuchukua inasema mtafundishwa kazi za vyuma, na kwamba wanayo mashine ya cheche, ile inayotoa bolti zilizokatikia ndani ya injini. Ulipoisoma kwa sauti ulifurahi, ukaruka. Mimi niliinuka nikaenda zizini. Ulidhani sikufurahi. Nilifurahi, mwanangu, lakini nilikumbuka jambo, na sikutaka uuone uso wangu. Mashine ya namna hiyo naijua. Nimesimama mbele yake nikiwa mtu niliyeharibikiwa kuliko ile injini niliyoipeleka.

Unajua kwamba mjomba wako Hamisi ana jicho moja. Unajua kuwa ni kazi ya kisima iliyolichukua la pili. Watu wote wa Sepuka wanajua, na wanajua kuwa nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Sina siri ya kukufichulia. Lakini ulikuwa unachunga mbuzi wakati ule, na wanaokusimulia husema tu, "Ilikuwa ajali." Nataka usikie kutoka kwangu jinsi ilivyokwenda, hatua kwa hatua, maana unaingia kazi ileile na una mikono yangu. Tena una hasira yangu. Mwezi uliopita mnyororo wa baiskeli ulipokataa kukaa, niliona ulivyoipiga teke. Nilikuwa nyuma ya ghala. Sikusema kitu, ila tangu siku ile nimekuwa nikiitunga barua hii kichwani.

Unakumbuka ule ukame. Mabwawa yote yalikuwa yamegeuka udongo uliopasuka, na watu wa kutoka mbali, hata wa upande wa Ikungi, walikuwa wanaleta ng'ombe kwenye kisima chetu cha bomba. Serikali ilikuwa imeniajiri niiangalie ile injini ya kuvuta maji kwa sababu nilijifunza injini jeshini wakati wa vita vya Hitla. Mjomba wako alikuwa msaidizi wangu. Mimi ndiye niliyemleta kwenye kazi ile, na mama yako ndiye aliyeniomba nimlete, maana Hamisi ni mdogo wake wa mwisho na alimlea yeye mwenyewe mgongoni.

Asubuhi moja injini ilianza kuvuja pale kifuniko cha juu kinapokutana na bloku, yaani mwili wa injini. Hilo si jambo kubwa. Unazima, unaacha ipoe, unakaza bolti kwa zamu, kidogo hapa, kidogo pale, kama mtu anayefunga mzigo wa punda usielemee upande mmoja. Mimi sikungoja ipoe. Ng'ombe walikuwa wanalia kwenye birika na birika lilikuwa tupu. Nilitia bomba kwenye mkono wa spana ili nipate nguvu zaidi, nikavuta. Nilisikia bolti ikilainika. Chuma kinapolainika chini ya spana, mwanangu, hakijakubali, kinakufa. Nilivuta tena. Ikakatika, nusu ikabaki mkononi mwangu na nusu ndani ya bloku, chini kabisa ya uso wa chuma ambako hakuna koleo la kuifikia.

Nilichukua keekee nikatoboa katikati ya ile bolti iliyobaki. Nasema katikati, lakini haikuwa katikati. Mkono ulikuwa na haraka na tundu likaenda kombo. Kisha nikatia kile chuma kigumu chenye mikato ya kuzunguka kinyume, unachokipigilia ndani ya tundu na kukizungusha ili kiing'ate bolti na kuitoa. Ni chombo kizuri kwa mtu mwenye subira. Nacho kikakatikia mlemle. Sasa mle ndani mlikuwa na chuma kigumu kuliko keekee yangu, kigumu kuliko tupa, kigumu kuliko kila nilichokuwa nacho kwenye kisanduku. Nilikuwa nimeziba tundu kwa kufuli na ufunguo nimeumeza.

Nilimtuma mtu kwa baiskeli hadi Singida kwa Bwana Maji, yule Mzungu aliyesimamia visima. Alikuja mwenyewe na gari lake, akainama akatazama, akanyoosha mgongo.

"Saidi," alisema, "bloku nyingine itatoka Ulaya kwa meli. Mvua itafika kabla yake. Lakini mgodi wa dhahabu kule Iramba wameleta mashine ya umeme inayokula chuma kwa cheche. Fundi wao amekubali kutusaidia. Nitaleta lori. Ifungue injini, uiweke bloku tayari, halafu usiiguse."

Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

"Usiguse kabisa."

"Nimesikia, Bwana."

Hamisi alikuwa amesimama kando yangu. Naye alisikia.

Tuliifungua injini, tukaiweka bloku juu ya magogo chini ya kibanda. Lori halikuja siku ile wala iliyofuata. Watu hawakuondoka. Wangekwenda wapi? Wanawake walikaa na madebe yao kwenye kivuli cha ukuta wa kibanda. Wanaume walichimba mashimo kwenye mchanga wa mto, wakapata maji ya tope, wakaanza kugombania zamu, na mtu mmoja akapigwa fimbo ya kichwa. Ndama walianza kulala chini wasiinuke. Kila aliyepita alichungulia kibandani, akaitazama bloku, kisha akanitazama mimi.

Kulikuwa na mzee mmoja, Mughenyi, mwenye ng'ombe wengi. Alikuwa amepoteza ndama mzuri alfajiri ile. Alikuja akasimama mlangoni, akaegemea fimbo yake. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akasema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya kusikika na wote waliokuwa nje:

"Hivi huko jeshini walikufundisha kutengeneza, au walikufundisha kuvunja tu?"

Watu wakacheka. Hawakucheka sana, walikuwa na kiu. Lakini nilisikia kila kicheko na nilijua kila mwenye kicheko.

Wangapi wamewahi kuchekwa, Athumani? Wote. Tena mzee yule alikuwa na haki, ndama wake alikuwa amelala pale nje. Kama ningemwambia, "Ndiyo mzee, nimevunja, na sina uwezo wa kuitoa, tunangoja lori," angenitukana kidogo akaenda zake. Sikuweza kulisema. Nikaichukua nyundo badala yake.

Nilimwita Hamisi. Nilimpa tindo na koleo. Nilitaka aishikilie tindo kwa koleo juu ya kile chuma kigumu, mimi nipige, kipasuke vipande tuvitoe kimoja kimoja. Jeshini niliwahi kumwona mtu akifanya hivyo. Sikumbuki kama alifaulu.

Hamisi aliitazama tindo. "Shemeji, tumeambiwa tungoje lori."

"Shika."

"Shemeji, Bwana Maji alisema..."

"Bwana Maji yuko Singida anakunywa chai! Wewe unawaona hawa watu? Shika tindo."

Akanitazama. Naikumbuka ile sura mpaka leo, ya kijana anayemheshimu mume wa dada yake, anayejua kuwa shemeji amekosea, na hana mahali pa kuliweka lile analolijua. Akachuchumaa, akashika.

Nilipiga. Hakuna kitu. Nikapiga tena kwa nguvu zaidi. Kile chuma kilipasuka kweli, kama chupa inavyopasuka, na kipande kikaruka.

Hamisi hakupiga kelele. Aliketi chini polepole, akaweka kiganja juu ya jicho lake la kulia, na kwa sauti ya kawaida kabisa akaniuliza:

"Imetoka?"

Alikuwa anauliza habari ya bolti.

Nilipiga magoti. Nikaondoa kiganja chake, kisha nikakirudisha. Sitakuandikia nilichoona. Mzee Mughenyi ndiye aliyeingia wa kwanza, akavua shuka lake, akalichana, akaanza kumfunga Hamisi kichwa bila kunisemesha.

Na sasa nisikilize. Kabla hajamaliza kufunga, mwanamke mmoja nje alisema, "Lile vumbi ni la nini?" Lilikuwa vumbi la lori. Jua lilikuwa bado juu. Lori lilikuwa tayari njiani wakati nikiinua nyundo. Kama ningeenda nyuma ya kibanda nikakaa tu, nikavuta tumbaku yangu mpaka mwisho, Hamisi angekuwa na macho mawili.

Tulipakia bloku kwa miti na kamba, wanaume wote wakisaidia, na Hamisi tukamkalisha mbele kwa dereva. Dereva aliitwa Juma, mtu wa Unyambwa, mtu wa maneno machache. Mimi nilipanda nyuma na bloku. Mama yako alikuja mbio kutoka nyumbani, mikono ikiwa na unga, na alifika lori linaondoka. Aliona kitambaa kichwani mwa mdogo wake na damu kwenye shati. Akanitazama kule juu nilikokaa. Nilifungua mdomo nikamwambia, "Imekuwa ajali." Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia. Lishike hilo neno, nitalirudia.

Singida mjini tulimfikisha hospitali. Daktari alimwangalia, akatoka, akasema jicho lile halitapona, na likibaki linaweza kulipofusha na lile jicho la pili lililo zima. Itabidi litolewe asubuhi. Nilitaka kubaki. Juma alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi.

"Mgodini wametupatia mashine kwa kesho tu," alisema. "Baada ya hapo ni kazi zao wenyewe. Nami siwezi kumweleza yule fundi wao Kalasinga habari za bloku hii. Wewe ndiye unayejua ulichofanya humo ndani."

Nilimtazama Hamisi. Alikuwa amelala chali, amefungwa nusu ya uso.

"Nenda, shemeji," akasema. "Ng'ombe hawajui habari ya jicho langu."

Nikaenda. Usidhani ulikuwa uhodari. Ilikuwa rahisi kukaa kwenye lori na chuma kuliko kukaa kitandani pa mtu.

Fundi wa mgodi alikuwa Kalasinga mmoja wa makamo, Harnam, mwenye kilemba cheupe ambacho sikuelewa kilibakije cheupe mahali pale. Alikizungusha kidole juu ya tundu langu, akawasha tochi akachungulia.

"Nani alitoboa hapa?"

"Mimi."

"Ulikuwa na hasira?"

"Ndiyo."

"Inaonekana," akasema, akazima tochi.

Shida ilikuwa hii. Pembeni ya lile tundu, upande uleule ambao keekee yangu ilikwenda kombo, kulikuwa na njia ya maji ya kupoza injini. Kati ya tundu na njia ile kulikuwa na ukuta wa chuma mwembamba. Mashine ya cheche ikifuata tundu langu la kombo, ingeutoboa ukuta ule, na bloku ingekuwa ya kutupwa. Kwa hiyo Harnam hakulifuata tundu langu. Alipima kutoka kwenye matundu mengine mazima, akapima tena kutoka upande mwingine, akaandika kwa chaki, akafuta, akapima upya. Mimi nilikuwa nafikiri: saa hizi wanamtoa jicho.

Kisha bloku ikazamishwa kwenye sinia kubwa la chuma lililojaa mafuta mepesi, yenye harufu kama ya mafuta ya taa. Juu yake ilining'inia fimbo ya shaba nyekundu, nyembamba kuliko ile bolti, yenye tundu katikati kama mwanzi. Mafuta yanapita ndani ya fimbo na kuosha chini. Harnam alinieleza wakati akiifunga, na ilikuwa mara ya kwanza kwangu kusikia jambo la namna hiyo. Fimbo haiigusi bolti. Inasogea karibu sana, ikiacha nafasi ambayo hata unywele ungeona taabu kupita, na umeme unairuka ile nafasi. Kila cheche inang'oa punje ya chuma isiyoonekana kwa macho, na mafuta yanaichukua. Haijali kama chuma ni kigumu au laini. Kile ambacho nyundo yangu ilikipasua kwa gharama ya jicho, cheche zilikuwa zinakila taratibu kama mchwa anavyokula mti.

"Shika huu mpira wa kupitishia mafuta," aliniambia. "Mafuta yasipungue juu ya cheche. Yakipungua, karakana nzima itawaka moto, na mimi na wewe ndani yake."

Alivuta swichi. Ndani ya mafuta kukatokea mwanga wa buluu na mlio kama nyuki waliofungiwa ndani ya mzinga. Mafuta yakaanza kuwa meusi. Mkono wangu ulitetemeka mpaka mpira ukagonga ukingo wa sinia. Kila mgodi ulipovuta mapipa ya mawe kutoka chini, taa zilififia, umeme ukapungua, na nyuki wakanyamaza. Harnam aliinua fimbo upesi, akangoja, akaishusha tena. Hakuwa anatazama. Alikuwa amefumba macho, ameinamisha sikio.

Ikafika mahali mlio ukabadilika. Ukawa mkali. Akainua kidole: nisitikisike. Tulikuwa karibu na ule ukuta. Sikupumua. Jasho lilinidondoka kutoka kwenye pua likaingia kwenye mafuta. Nilikuwa nataka kusema, "Simamisha, inatosha, tuitoe sasa kwa koleo." Neno lilikuwa kwenye ulimi, Athumani, ileile haraka, pepo yuleyule aliyenishika kibandani. Nililiuma. Nilisimama nikashika mpira. Katika maisha yangu nimebeba mizigo mizito na nimepigwa risasi karibu na sikio, lakini kazi ngumu kuliko zote niliyowahi kufanya ilikuwa kusimama pale bila kufanya kitu kingine.

Mlio ukarudi kuwa wa chini. Harnam akafumbua macho.

Alipozima na kuinua bloku, katikati ya bolti palikuwa pameliwa pote, na kilichobaki kilikuwa ganda jembamba lililoshikilia ukutani. Alichukua sindano nene, akalisukuma kwa ndani, ganda likajikunja. Akalivuta kwa kibanio, likatoka likijizungusha. Nyuma yake nyuzi za tundu, zile zinazoshika bolti, zilikuwa zinang'aa, nzima, isipokuwa upande mmoja ambako keekee yangu ilikuwa imezikata. Pale palibaki na kovu.

"Itashika," alisema. "Lakini hapa usikaze tena kwa hasira."

Kisha, akipangusa mikono, akaniambia alihitaji msaidizi wa kushika mpira. Yule aliyekuwa naye alikuwa amerudi kwao. "Mwanzo ulitetemeka, baadaye hukutetemeka. Ukitaka, kaa."

Nataka uelewe nilivyolipokea neno lile. Halikuwa neno la kazi. Lilikuwa mlango. Sepuka palikuwa na mzee Mughenyi, palikuwa na kibanda chenye damu, palikuwa na mama yako. Hapa palikuwa na mtu asiyejua jina la mke wangu. Asubuhi yake nilimwendea Juma aliyekuwa anatia maji kwenye rejeta.

"Ichukue bloku," nikamwambia. "Bwana Maji atapata mtu wa kuifunga. Mwambie mke wangu nimepata kazi huku. Nitatuma habari."

Juma alifunga mfuniko wa rejeta, akaukaza vizuri.

"Bloku nitabeba," akasema. "Hiyo nyingine sibebi."

"Juma, ni maneno tu."

"Ndiyo. Sibebi. Panda au usipande, lakini mimi kwa mkeo Mwajuma sina ujumbe."

Akaingia, akawasha lori. Nilisimama. Akaweka gia. Lori lilianza kutembea, na nilikuwa bado nimesimama. Sijui kilichonisukuma. Nilikimbia nikashika ubao wa nyuma, nikajivuta juu nikaanguka karibu na bloku, goti likachubuka. Ningependa kukuambia kwamba niliwafikiria ninyi. Ukweli ni kwamba niliona lile lori likienda na kazi yangu juu yake, na mwili ukaenda wenyewe. Mungu wakati mwingine huokoa mtu kwa miguu kabla ya moyo.

Tulimpitia Hamisi hospitali. Alishuka ngazi akiwa ameshika bega la mhudumu, akiugeuzageuza uso kutafuta upande ambao sasa haukuwepo. Kabla ya kupanda mbele aliomba aonyeshwe bloku. Aliingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha.

"Nyuzi zipo," akasema. Akatabasamu kwa nusu ya uso iliyobaki wazi. Nami nilikaa nyuma ya lori nikalia kutoka Singida hadi njia panda ya Ikungi, na vumbi likanifanya niwe kama mtu aliyepakwa udongo.

Injini tuliifunga. Maji yalitoka. Watu walipiga vigelegele, mzee Mughenyi akanipa mkono. Ungedhani mambo yameisha.

Sehemu inayofuata unaikumbuka mwenyewe. Unakumbuka ulivyokuwa ukitumwa. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Kutoka ukame ule mpaka mvua, mama yako hakunisemesha. Alipika, alifua, aliniwekea maji ya kuoga, na hakuwa na neno nami. Nilimnunulia kanga, ilikaa imekunjwa. Nilimpelekea Hamisi mbuzi; Hamisi alipokea, na mama yako akapita kando ya mbuzi kana kwamba ni jiwe. Nilikuwa nikijiambia: mbona mwenye jicho amenisamehe, huyu ana nini? Nilikuwa namkasirikia, Athumani. Mtu aliyekosa huwa na hasira nyingi.

Mwishowe nilikwenda kwa wazee wa kwao, nikaomba tukae. Hamisi alikuwapo, na mama yako alikaa kando na wanawake. Nikaanza: "Wazee, siku ile ya ajali..." Mama yako akainuka kuondoka. Akafika mlangoni. Nilimtazama mgongo wake, na ndipo nikaelewa alichokuwa anakingoja muda wote ule, na kwamba nilikuwa nimekikanyaga tangu siku ile nikiwa juu ya lori. Nikasema upya:

"Haikuwa ajali. Hamisi aliniambia tungoje. Aliniambia tena mara ya pili. Nilimlazimisha kushika tindo kwa sababu watu walinicheka. Mimi ndiye niliyemtoa jicho."

Hamisi aliinamisha kichwa, na niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Kumbe hata yeye aliyenisamehe alikuwa analibeba. Kila mtu alipoita ajali, alibaki peke yake na yale maneno yake mawili, "tungoje lori," ambayo hakuna aliyekiri kuyasikia.

Mama yako alirudi kutoka mlangoni. Jioni ile, nyumbani, hakukutuma wewe. Alikuja mwenyewe mpaka nilipokaa, akasema, "Njoo ule."

Basi, mwanangu. Huko uendako utavunja kitu. Si kama, ila lini. Utakata bolti, utaharibu chuma cha watu, labda siku moja utaumiza mtu, Mungu apishe mbali. Mashine ulizozifurahia zinatoa karibu kila kinachokatikia ndani ya chuma, na nakuombea uzijue kuliko nilivyozijua mimi. Lakini wakati utakapokuwa umevunja na watu wamesimama mlangoni wakikutazama, weka nyundo chini na useme, "Nimevunja." Useme siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa, na nimeona neno lisiposemwa linavyokaa ndani ya nyumba.

Na wakikufukuza, usitafute mji wa tatu ambako hakuna anayekujua. Najua jinsi mlango ule unavyovutia. Panda treni, shuka Manyoni, panda basi, uje hapa, hata kama ni kwa aibu, hata mikono mitupu. Fika mchana kweupe, upite katikati ya kijiji, watu wakuone. Hutakuta mtu wa kukuuliza chochote kabla hujakaa na kula. Nimelizungumza hilo na mama yako jana. Nilidhani atasema utakuwa mkubwa, utajua mwenyewe. Akaniambia, "Mwandikie arudi hata akiwa amekosa yeye." Nimeandika.

Wasalaam, mimi baba yako,

Saidi